Kilichoua sinema ya magari ni kiwanja chake

Januari 2023, sinema ya magari ya Mission Tiki katika mji wa Montclair, California, yaani uwanja ambapo watu hutazama filamu wakiwa ndani ya magari yao, ilionyesha filamu zake za mwisho na kufunga lango. Ilikuwa imefunguliwa mwaka 1956. Maelezo yaliyosambaa baada ya hapo ni yale tuliyozoea kuyasikia kila sinema ya aina hii inapofungwa: zama zimebadilika, televisheni na video zilianza kuidhoofisha, filamu za mtandaoni zikaimalizia, watu hawataki tena kutoka nyumbani. Maelezo haya yanapendwa kwa sababu hayamgusi mtu yeyote. Shida yake ni kwamba hayalingani na kilichotokea Montclair. Sinema ile ilikuwa imetoka salama kwenye janga la UVIKO-19, kipindi ambacho majumba ya sinema ya kawaida yalifungwa na watu wakamiminika kwenye viwanja vya magari kuliko walivyofanya kwa miongo kadhaa. Wateja walikuwepo. Lakini kiwanja kilikuwa kimeshauzwa tangu 2019, kabla janga halijasikika, na waliokinunua walikuwa na mpango wa kujenga maghala.

Naamini historia nzima ya sinema hizi tumeisoma vibaya, na tukiendelea kuisoma hivyo tutazidi kuziomboleza zilizokufa huku chache zilizobaki zikituponyoka. Sinema ya magari, ile ambayo wengi waliiita draivin, ilikuwa uwanja kabla ya kuwa sinema. Ilizaliwa mahali ambapo ardhi ya pembezoni mwa mji ilikuwa rahisi, ikastawi katika miaka ile ambayo ardhi hiyo ilikuwa ikisubiri kupanda bei, na ilipopanda ikaondoshwa. Televisheni na video ziliipunguzia watazamaji, hilo silikatai. Lakini wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kilichoila sinema ya magari kilikuwa chini ya magurudumu ya wateja wake tangu siku ya kwanza.

Richard Hollingshead alikuwa akifanya kazi katika biashara ya familia yake ya bidhaa za magari huko New Jersey. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakati mdororo mkubwa wa uchumi umewabana Wamarekani, alianza majaribio nyumbani kwake. Aliweka projekta juu ya boneti ya gari, akatundika shuka kwenye miti, akaficha redio nyuma ya shuka ili sauti itokee huko, kisha akafungulia mashine ya kumwagilia majani ili aone mvua itamsumbua vipi mtazamaji aliye ndani ya gari. Kigumu kuliko vyote kilikuwa kumwezesha mtu wa gari la nyuma kuona juu ya paa la gari la mbele. Akawa anaweka vipande vya mbao chini ya magurudumu ya mbele hadi akapata mwinuko unaofaa. Mwinuko huo, yaani matuta ya udongo yaliyopangwa safu kwa safu kuikabili skrini, ndio kiini cha hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) namba 1,909,537 aliyopewa Mei 16, 1933. Wiki tatu baadaye, Juni 6, alifungua sinema yake karibu na Camden. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa gari na senti 25 kwa kila mtu, na familia nzima haikutozwa zaidi ya dola moja. Inafaa kukumbuka kwamba alichokisajili Hollingshead kama uvumbuzi hakikuwa kamera, wala projekta, wala sauti. Alisajili namna ya kupanga ardhi. Na sinema yenyewe ya kwanza haikudumu. Baada ya miaka michache ilikuwa imefungwa.

Vita vya Pili vya Dunia vilisimamisha kila kitu, kwa kuwa petroli na matairi vilitolewa kwa mgawo. Vita vilipokwisha, sinema za magari nchini Marekani hazikufika 200. Mwaka 1949 mahakama ya rufani ikaibatilisha ile hataza, na tangu hapo yeyote mwenye shamba na mkopo aliweza kujenga bila kumlipa mtu ada. Zikaota nchi nzima. Kilele kilifikiwa mwaka 1958, zilipozidi 4,000. Iliyosifiwa kwa ukubwa, Johnny All-Weather ya Copiague katika jimbo la New York, ilichukua magari 2,500 kwenye ekari zipatazo 28. Kwa kawaida sinema ya magari ilikuwa ndogo kuliko hiyo, lakini hata uwanja wa magari mia tano ulihitaji ekari kumi na zaidi, ardhi ambayo katikati ya mji hakuna mfanyabiashara wa filamu angeweza kuinunua. Ndiyo maana zilijengwa pale lami ya mji inapoishia na mashamba yanapoanzia.

Tazama hesabu za mwekezaji wa mwaka 1950. Jengo la sinema la kawaida linataka kuta, paa, viti, mapazia, mashine za kupoza hewa, na eneo katikati ya mji. Uwanja wa magari unataka trekta la kuchonga matuta, skrini, kibanda cha projekta, kibanda cha kuuzia vitafunio, nguzo za spika na uzio. Kila kitu kilichojengwa hapo kinaweza kubomolewa kwa siku chache. Biashara inafanya kazi usiku tu, na kwenye majimbo ya baridi inafanya kazi nusu mwaka, lakini inaingiza fedha za kutosha kulipia kodi ya ardhi na mikopo huku mwenyewe akingoja. Anangoja nini? Anangoja mji umfikie. Barabara kuu mpya inapita, nyumba zinajengwa, maduka yanafuata, na ekari zilizonunuliwa kwa bei ya shamba la mahindi sasa zina bei ya mtaa. Si kila mwenye sinema ya magari alikuwa na hesabu hizi kichwani. Familia nyingi zilijenga kwa mapenzi tu na zikaishi humo vizazi viwili au vitatu. Lakini hesabu ilikuwepo, ijapokuwa hawakuifanya, na siku mzee alipofariki warithi waliifanya.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni familia ya Redstone. Michael Redstone aliingia kwenye biashara hii miaka ya 1930, akiwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kujenga sinema za magari kaskazini mashariki mwa Marekani. Kampuni yake ilikuwa na desturi ya kumiliki ardhi iliyo chini ya sinema zake badala ya kupanga. Mwanawe Sumner alipochukua hatamu, aliviona viwanja vile kwa jicho jingine: mahali palipoegeshwa magari mia kadhaa mbele ya skrini moja pangeweza kujengwa jumba lenye skrini nyingi, linalofanya kazi mchana na usiku, mvua na jua. Akavigeuza kimoja baada ya kingine. Thamani ile ya ardhi na majumba ndiyo iliyompa nguvu ya kuichukua kampuni ya Viacom mwaka 1987, na mwaka 1994 akaichukua Paramount. Kwa maneno mengine, mojawapo ya himaya kubwa za filamu na televisheni duniani ilipandwa kwenye udongo wa sinema za magari. Ukisikia mtu anasema sinema hizo zilikufa kwa kuwa hazikuwa na thamani, mwambie asome historia hiyo upya. Zilikuwa na thamani kubwa mno, ila thamani hiyo ilikaa ardhini, mahali ambapo mtazamaji hakuwa na sehemu yake.

Sasa tuzipime hoja za upande wa pili, tukianza na ile inayorudiwa zaidi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba televisheni ndiyo muuaji. Mwaka 1950, chini ya nyumba 1 kati ya 10 nchini Marekani ilikuwa na televisheni. Kufikia 1960 zilikuwa karibu 9 kati ya 10. Kama hoja hii ni ya kweli, basi muongo huo ndio ungekuwa wa mauaji. Na kwa majumba ya sinema ya mitaani ulikuwa hivyo kweli, yalifungwa kwa maelfu. Sinema za magari zilifanya kinyume. Ni katika miaka hiyohiyo, televisheni ikiingia sebuleni kwa kasi isiyowahi kuonekana, ndipo zilipoongezeka karibu maradufu. Sababu yake haiko mbali. Mama na baba wenye watoto wadogo walikuwa na televisheni nyumbani, na bado walitaka kutoka nyumbani. Kwenye uwanja wa magari hakukuwa na haja ya kuvaa nguo za kutokea wala kumlipa mtu wa kulea watoto. Mtoto akilia, analia ndani ya gari lenu. Akisinzia, analala kiti cha nyuma. Viwanja vingi viliweka bembea na vyombo vya michezo chini ya skrini, na milango ilifunguliwa mapema ili familia zile na watoto wacheze hadi giza liingie. Hicho televisheni haikuweza kukitoa, na takwimu za muongo ule zinaonyesha kwamba watu walijua tofauti.

Hoja ya video ina uzito zaidi. Miaka ya 1980 ilipofika, mtu aliweza kukodi mkanda na kutazama filamu nyumbani kwa bei ndogo, tena saa anayotaka. Sinema za magari kwa kawaida zilipewa filamu ambazo zimeshazunguka kwenye majumba makubwa, na filamu za aina hiyo ndizo mkanda ulizozipokonya kwanza. Nakubali kwamba hapa pigo lilikuwa la kweli. Lakini tuangalie takwimu za muongo huo kwa ukamilifu. Kati ya 1980 na 1990, skrini za magari nchini Marekani ziliporomoka kutoka takriban 3,500 hadi chini ya 1,000. Katika miaka hiyohiyo, skrini za ndani ya majengo zilipanda kutoka takriban 14,000 hadi zaidi ya 22,000. Mkanda wa video ulikuwa uleule kwa wote wawili. Kama ungekuwa unaua hamu ya watu kwenda kutazama filamu nje ya nyumba, ungewapunguza wote. Kilichotofautisha hao wawili ni kwamba mmoja aliweza kubana skrini kumi kwenye kipande cha maegesho ya duka kubwa, na mwingine alihitaji ekari kumi kwa skrini moja. Muongo ule ulikuwa wa viunga vya miji kujaa, na mashamba yaliyozunguka sinema hizo yalikuwa yamekwisha kuwa mitaa.

Kuna sababu nyingine ndogo ambazo zinastahili kutajwa bila kukuzwa. Sheria ya 1966 iliyosawazisha kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi ilichelewesha giza kwa saa nzima, na kwenye majimbo mengi filamu ya katikati ya Juni haikuweza kuanza kabla ya saa 3 usiku, muda ambao mtoto wa shule ameshalala. Wenye sinema za magari waliipinga sana, na walikuwa na haki. Baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973 magari yalizidi kuwa madogo, na kukaa humo saa nne hakukuwa tena starehe. Baadhi ya wamiliki waliobanwa wakaanza kuonyesha filamu za watu wazima, majirani wakalalamika, halmashauri zikapata kisingizio. Hata kuhamia kwenye projekta za kidijitali, kulikofikia ukomo wake mnamo 2013, kuliwataka wamiliki wadogo watafute makumi ya maelfu ya dola kwa mashine moja. Wengi walizipata kwa michango ya wateja wao, na kampuni ya Honda iliendesha kampeni ya kuwapa baadhi yao mashine bure. Kila moja ya sababu hizi ilipunguza mapato ya usiku, na mapato ya usiku ndiyo yaliyokuwa yakimshikilia mwenye kiwanja asiuze. Nazihesabu kama sababu za kuharakisha kifo. Mtu angeweza kuziondoa zote na bado siku ingefika ambapo ofa ya mjenzi inazidi mapato ya miaka ishirini ya tiketi.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu ni hili, na sitaki kulikwepa. Mchumi atasema kwamba bei ya ardhi ni kioo tu. Ardhi inapanda bei kwa sababu watu wanaitaka zaidi kwa matumizi mengine, na kama watu wangeipenda sinema ya magari kwa kiasi hicho wangelipa kiingilio cha kutosha kuilinda. Hawakulipa. Kwa hiyo kilichotokea ni uamuzi wa watu wenyewe, na machozi ya baadaye ni ya bure. Hoja hii imesimama vizuri na sehemu yake ni ya kweli: watu wengi wanaoililia sinema ya utotoni hawakuwa wamekanyaga hapo kwa miaka kumi kabla ya kufungwa. Lakini ina pengo. Biashara inayofanya kazi saa tano kwa siku, gizani tu, haitashinda kamwe mnada dhidi ya ghala linalofanya kazi saa ishirini na nne, hata kama inapendwa na kila mkazi wa mji. Kwa kipimo hicho uwanja wa mpira wa shule hauna haki ya kuwepo, wala bustani ya umma, wala maktaba, wala makaburi. Vyote hivyo vimekalia ardhi ghali na havilipi thamani yake sokoni. Vipo kwa sababu jamii ilikaa ikaamua kwamba kuna mahali ambapo bei haitakuwa neno la mwisho. Sinema ya magari haikuwahi kufanyiwa uamuzi huo kwa sababu kila mtu aliiona kuwa ni biashara ya burudani, na biashara ikifa hufa.

Hapo ndipo kumbukumbu za watu zinapopaswa kuchukuliwa kuwa ushahidi, ingawa mara nyingi tunazichukulia kuwa huzuni tu. Nimesikiliza na kusoma kumbukumbu nyingi za sinema za magari zilizotoweka, na jambo linalonigusa kila mara ni kwamba filamu karibu haimo. Msimulizi anakumbuka gari lilikuwa la aina gani. Anakumbuka blanketi, nguo za kulalia walizovishwa kabisa kabla ya kutoka nyumbani, harufu ya vitafunio, spika ya chuma iliyoning'inizwa kwenye kioo na sauti yake ya kukwaruza, kaka aliyejificha kwenye buti ili asilipiwe, baba aliyelala kabla ya filamu ya pili. Muulize waliona filamu gani, atasita. Kama filamu ndiyo iliyokuwa shida yake, asingekuwa na la kuomboleza, maana filamu zote za wakati ule zinapatikana leo kwa sauti na picha bora mara mia. Anachokililia ni mahali: eneo kubwa la wazi, la bei nafuu, lililofunguliwa usiku wote wa mwisho wa juma, ambapo familia ya kipato cha kawaida iliweza kukaa saa nyingi kati ya watu wengine bila kuwasumbua wala kusumbuliwa. Mahali pa namna hiyo ni pachache mno mijini leo.

Kumbukumbu hizi pia zina upofu wake, na anayezitumia kama ushahidi sharti auseme. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani, sinema za magari nyingi ziliwakataa Wamarekani weusi au ziliwatenga sehemu yao, hadi Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilipopiga marufuku ubaguzi kwenye sehemu za burudani. Mji mzima haukuwepo kwenye uwanja ule wa kila Ijumaa, kama wasimulizi wengi wanavyopenda kuukumbuka. Aliyekuwa nje ya uzio naye ana kumbukumbu, na yake haina blanketi. Naona hili linaongeza nguvu kwenye hoja ya ardhi kuliko kuipunguza, kwa kuwa linatukumbusha kwamba uwanja wa wazi haumilikiwi na wote kwa kuwa tu hauna paa. Masharti ya nani anaingia huamuliwa na mwenye hati. Mtu anayetaka kuurudisha uwanja bila kuuliza umiliki wake anaweza kuurudisha na kasoro zake zote.

Kiangazi cha 2020 ndicho kilichozaa tafsiri potofu ya pili, ile ya ufufuo. Majumba ya sinema yalipofungwa, skrini zilisimikwa kwenye maegesho ya viwanja vya michezo, migahawa na maduka. Walmart ilitangaza maonyesho kwenye maegesho ya maduka yake 160. Waandishi wengi wakaandika kwamba sinema ya magari imerudi. Sikubaliani nao, na sababu ni ileile. Skrini ya kupuliza upepo inayosimamishwa kwenye maegesho ya mtu mwingine kwa usiku mmoja ina gari, ina filamu, haina mahali. Hakuna bembea, hakuna matuta, hakuna mtu anayeota kufanya kazi ya kukata tiketi hapo akifikisha miaka kumi na sita. Ardhi ile ni ya duka, na duka lilipoihitaji tena kwa ajili ya wanunuzi, skrini ilikunjwa. Kuita hilo ufufuo kumetudhuru, kwa sababu kuliwafanya watu waamini kwamba sinema hizi zitajitunza zenyewe kwa kuwa zinapendwa. Ile ya Montclair ilipendwa vilevile.

Mwenendo huu haukuishia Marekani, na ulikopita mwisho wake ulifanana. Australia ilifungua sinema yake ya kwanza ya magari mwaka 1954 huko Burwood, Melbourne. Zikafika zaidi ya 300, na leo zimebaki chache mno. Nairobi ilikuwa na Belle Vue kwenye barabara ya Mombasa na Fox kwenye barabara ya Thika. Zote mbili hazipo, na anayepanda matatu kwenye barabara hizo bado anasikia vituo vikitajwa kwa majina ya Bellevue na Drive-In, abiria wengi wakiwa hawajui kilichokuwepo. Dar es Salaam ilikuwa na yake Msasani, na kwenye eneo hilo ndipo ulipojengwa ubalozi wa Marekani, baada ya ule wa awali kulipuliwa kwa bomu mwaka 1998. Sitaki kusema kwamba nchi hizi zote zilipitia njia moja; sheria za ardhi ni tofauti, na waliokuwa wakimiliki ni tofauti. Lakini angalia maeneo yenyewe: yote yalikuwa pembezoni yalipochaguliwa, na yote yalikuwa ya thamani kubwa yalipoondolewa.

Ikiwa hoja hii ina ukweli, inabadilisha namna ya kuziokoa zilizosalia, ambazo Marekani ni kama 300. Juhudi nyingi za sasa zinakwenda kwenye kumbukumbu na majengo: kurejesha mabango ya taa, kupiga picha, kuandikisha kwenye orodha za urithi. Sinema ya 66 huko Carthage, Missouri, iliyofunguliwa mwaka 1949, iliingizwa kwenye Orodha ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria mwaka 2003. Ni heshima inayostahili, lakini orodha hiyo peke yake haimzuii mmiliki binafsi kuuza wala kubomoa. Mashine ya kidijitali iliyonunuliwa kwa michango nayo ni msaada wa kweli kwa mwendeshaji, ila mashine huhamishika, na kiwanja kikiuzwa wachangiaji hawana dai lolote juu yake. Tumekuwa tukichangia vitu vilivyo juu ya ardhi na kuiacha ardhi yenyewe.

Zilizodumu zina funzo tofauti. Baadhi zimedumu kwa kuwa uwanja unafanya kazi mchana: Wellfleet ya Massachusetts, iliyofunguliwa mwaka 1957, huwa na gulio la vitu vilivyotumika kwenye uwanja huohuo jua likiwaka, na hata Mission Tiki ilikuwa na gulio lake kubwa. Gulio hupunguza shinikizo, ila haliondoi ofa ya mjenzi, kama Montclair ilivyoonyesha. Waliokwenda hatua ya mbele ni wakazi wa Lexington, Virginia. Sinema yao, Hull's, ilifunguliwa mwaka 1950. Ilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1990, hawakuishia kuandika barua kwenye magazeti. Waliunda chama kisichogawana faida, wakachangishana, wakainunua, na tangu hapo inaendeshwa kwa namna hiyo. Hapo hakuna mrithi wa kushawishiwa wala mwanahisa wa kudai gawio. Kiingilio kinatakiwa kulipa gharama za kuendesha tu, na hilo sinema ya magari inaliweza. Isiloliweza ni kulipa bei ya ardhi upya kila kizazi.

Kwa hiyo kazi iko kwenye ofisi za ardhi kuliko kwenye kurasa za kumbukumbu, na inatakiwa kufanywa kabla ya tangazo la kufunga, kwa kuwa siku ya tangazo mkataba wa mauzo huwa umeshatiwa saini. Wamiliki wengi waliobaki ni familia, na wengi ni watu wazima sana. Mji wenye sinema ya magari unaweza leo kumwendea mmiliki na kumwomba haki ya kununua kwanza siku atakapotaka kuuza. Unaweza kumpunguzia kodi ya ardhi kwa masharti kwamba matumizi ya uwanja hayatabadilika kwa miaka kadhaa, kama yanavyofanyiwa mashamba katika majimbo mengi ya Marekani, au kununua haki ya ujenzi peke yake na kumwachia mwenyewe uwanja na biashara. Njia hizi zote zinatumika tayari kulinda mashamba na misitu, kwa hiyo hakuna sheria mpya ya kubuni. Zinahitaji tu diwani mmoja au wawili walio tayari kuandika, kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa mji wao, kwamba ekari hizi kumi ni mahali pa umma hata kama ni mali ya mtu, na kumfikia mmiliki huyo angali hai na hana haraka ya kuuza.